Una Blue Badge na umepigwa faini ya maegesho? Soma hii kabla hujalipa

Nimeona watu wengi wenye Blue Badge, ile beji ya maegesho ya watu wenye ulemavu, hapa Uingereza wakilipa faini ambazo hawakustahili kulipa. Mtu anakuta karatasi kwenye kioo cha gari, anasoma kwamba akilipa ndani ya siku 14 atatozwa nusu tu, moyo unamwenda mbio, na kabla ya jioni ameshalipa. Ukishalipa, kesi imefungwa. Huwezi kulipa leo ukakata rufaa kesho. Kwa hiyo kwa ndugu yangu yeyote mwenye beji, la kwanza ni hili: usitoe hela kabla hujasoma karatasi yote, mbele na nyuma, na kujiuliza kama kweli kosa limetendeka.

La pili ndilo hasa lililonifanya niandike. Barua nyingi za kupinga faini ambazo nimeombwa kuzipitia huanza na maradhi. Mtu anaeleza kiharusi, upasuaji, dawa na maumivu ya usiku, ukurasa mzima, kisha mwishoni anaomba asamehewe. Naelewa kwa nini. Mimi mwenyewe natembea kwa mkongojo, na najua kuegesha gari mbali na mlango kunanigharimu nini. Lakini halmashauri haikuulizi kama una ulemavu. Beji imeshajibu swali hilo. Wanachotaka kujua ni kama kosa lililotajwa kwenye karatasi lilitendeka au la, na barua yako ijibu hilo katika mistari yake ya kwanza.

Anza kwa kuangalia aliyetoa karatasi. Herufi PCN zinatumiwa na halmashauri na pia na kampuni binafsi zinazosimamia maegesho ya maduka makubwa na hospitali, na karatasi zenyewe zinafanana kiasi cha kumchanganya mtu. Ya halmashauri imeandikwa Penalty Charge Notice, nayo inatoka kwenye sheria ya mwaka 2004 ya usimamizi wa barabara. Ya kampuni kwa kawaida huandikwa Parking Charge Notice, nayo ni dai la mkataba tu: kampuni inasema uliingia kwenye eneo lake na kuvunja masharti yaliyo kwenye bango. Njia za kupinga ni mbili tofauti kabisa. Nitaanza na halmashauri, na ninazungumzia England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina tofauti zao.

Kwenye karatasi ya halmashauri tafuta namba ya kosa. Namba 40 maana yake uliegesha kwenye nafasi ya watu wenye ulemavu bila kuonyesha beji halali kwa namna inayotakiwa. Namba 01 ni kusimama kwenye barabara yenye katazo, kwa kawaida mistari ya njano. Namba 02 ni mahali ambapo hata kupakia na kushusha mizigo kumekatazwa. Kila namba ina jibu lake, na ndiyo maana barua ya kunakili kwa jirani haifai.

Ukipata 01, unarudi kwenye haki ya mwenye beji kuegesha kwenye mstari mmoja au miwili ya njano kwa muda usiozidi saa 3, mradi ameweka beji na ile saa ya bluu ya kadibodi ikionyesha muda aliofika, na mradi hazuii njia. Ukipata 02, angalia kama pembeni mwa barabara, juu ya ukingo, kuna vijistari vya njano, na usome kibao kinachotaja saa za katazo. Vikiwepo na katazo likiwa linafanya kazi saa ile, beji haikusaidii. Vikiwa vimefutika au kibao kinachotakiwa hakipo, una hoja nzito. Namba 40 mara nyingi huja kwa sababu mkaguzi hakuiona beji, au aliona imegeuzwa. Upande unaotakiwa kuonekana ni ule wenye alama ya kiti cha magurudumu na tarehe ya mwisho. Wenye picha yako unalala chini. Na wanaokwenda London ya kati wawe macho: City of London, Westminster, Kensington and Chelsea na sehemu ya Camden hazifuati utaratibu wa kawaida wa beji. Pale soma kila kibao kama vile huna beji.

Sasa ushahidi, na hapa ndipo kesi nyingi zinaposhinda au kufa. Ukiikuta karatasi, usifungue mlango kwanza. Piga picha ya dashibodi kutoka nje, beji na saa zikiwa zilivyo. Piga kibao, michoro ya barabarani, ukingo, na gari zima likionekana na nafasi lilimosimama. Kama huwezi kuzunguka gari, mwombe uliyefuatana naye au hata mpita njia. Sijawahi kuona mtu akikataa. Ukishafungua mlango, upepo au mkono wako unaweza kuisogeza beji, na hapo huna tena cha kuonyesha.

Halmashauri nayo ina picha zake, na nyingi huziweka kwenye tovuti ambapo unaingiza namba ya faini na namba ya gari. Zitazame zote kwa utulivu. Niliwahi kupewa faini ya namba 40 wakati beji ilikuwa juu ya dashibodi, imelala sawasawa. Picha zilizokuwa kwenye tovuti zilionyesha upande wa dereva peke yake. Niliandika kuomba picha zote alizopiga mkaguzi pamoja na maandishi yake ya siku ile. Zilipokuja, moja iliyopigwa kutoka upande wa abiria ilionyesha beji, tarehe yake ikisomeka, ingawa mwanga wa jua ulikuwa umeimeza nusu. Barua niliyoandika baada ya hapo haikuwa na neno hata moja kuhusu mguu wangu. Ilisema kwamba kosa linalodaiwa ni kutoonyesha beji, kwamba picha ya mkaguzi mwenyewe inaionyesha, na kwamba naomba faini ifutwe kwa kuwa kosa halikutendeka. Ikafutwa. Iliniuma, hata hivyo, kwamba picha hiyo walikuwa nayo tangu mwanzo.

Je, kama beji kweli haikuonekana? Iliteleza ikaanguka chini ya kiti, au mlango ulipofungwa ikapinduka. Hapo uwe mkweli. Sheria inataka beji ionyeshwe. Kuwa nayo mfukoni hakutoshi, na usiposema ukweli picha zao zitakuumbua. Lakini halmashauri ina mamlaka ya kufuta faini kwa busara yake hata pale kosa lilipotendeka. Tuma nakala ya beji pande zote mbili, eleza kwa kifupi ilivyotokea, na uombe watumie mamlaka hayo. Hii ndiyo barua ambayo afya yako ina nafasi ndani yake, iwapo ndiyo iliyosababisha: mikono inayotetemeka, macho yasiyoona vizuri, kuzidiwa ghafla ukakimbizwa ndani. Sentensi mbili tatu na karatasi ya daktari zina nguvu kuliko kurasa nne za simanzi.

Kuhusu muda, shika hivi. Pinga ndani ya siku 14 za kwanza. Ukifanya hivyo na wakakataa, miongozo ya serikali inawataka wakupe tena nafasi ya kulipa nusu, kwa hiyo ile hofu ya kupoteza punguzo haina msingi mkubwa kama watu wanavyodhani. Wakikataa na usipolipa, itakuja barua inayoitwa Notice to Owner. Usiogope jina lake. Ni mlango wa pingamizi rasmi, nawe una siku 28 kulijibu. Baada ya hapo wao wana siku 56 za kukujibu, na wakizipitisha kimya pingamizi lako linahesabiwa limekubaliwa. Weka uthibitisho wa tarehe uliyotuma.

Wakikataa tena, una siku nyingine 28 za kwenda kwa mwamuzi huru. Nje ya London ni Traffic Penalty Tribunal, na London ni London Tribunals. Hakuna ada. Huhitaji mwanasheria, wala huhitaji kusafiri, kwani shauri linaweza kuamuliwa kwa maandishi au kusikilizwa kwa simu. Watu wengi hukata tamaa hapa hapa, na inanisikitisha, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza faini yao inasomwa na mtu aliye huru na halmashauri iliyoitoa. Mwamuzi hafuti faini kwa huruma pekee, ila akiona kuna sababu nzito anaweza kuirudisha kwa halmashauri na kuishauri iifute. Kitu kimoja usikifanye katika hatua zote hizi: kunyamaza. Ukinyamaza baada ya Notice to Owner, faini inaongezwa kwa asilimia 50, kisha inasajiliwa mahakamani na kufuatiwa na wadai madeni.

Kama gari si lako, zingatia hili. Beji ni ya mtu, si ya gari, kwa hiyo unaweza kuitumia ukiwa abiria kwenye gari la binti yako au la jirani. Lakini Notice to Owner itakwenda kwa aliyesajiliwa kama mwenye gari, na ni yeye anayepaswa kujibu, au akuandikie ruhusa ya kumjibia. Nimeona barua nzuri ikirudishwa kwa sababu aliyeisaini si mwenye gari.

Kampuni binafsi ni habari nyingine. Utaratibu wa Blue Badge kisheria ni wa barabarani, hauwalazimishi wao, na wakati mwingine wanataka mwenye beji alipie maegesho au aandikishe gari ndani ya jengo. Lakini Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inawabana: wanatakiwa kufanya marekebisho yanayofaa kwa mtu mwenye ulemavu. Kama umepitisha muda kwa dakika chache kwa sababu kutoka kwenye kiti cha magurudumu na kuingia garini kunakuchukua muda mrefu kuliko wengine, sema hivyo wazi, taja sheria hiyo, na ambatanisha nakala ya beji. Hapa ulemavu wako ni hoja yenyewe ya kisheria. Anza kwa kampuni. Ikikataa, barua yake inapaswa kukueleza kama rufaa inakwenda POPLA au IAS, huduma mbili za rufaa za maegesho ya binafsi, kutegemea chama ilichojiunga nacho. Na ukiwa bado uko pale dukani au hospitalini, pita mapokezi umwone meneja. Eneo ni lao, kampuni ya maegesho ni wakala wao, na faini kadhaa za jamaa zangu zilifutwa kwa simu moja ya meneja kabla hata barua ya kwanza haijaandikwa.