Hadubini tuliyoichapisha inahama: tununue mota kubwa?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni binti, nafanya kazi maabara hapa Morogoro. Tumechapisha hadubini ya OpenFlexure, ile ya plastiki yenye michoro ya wazi, kwa printa yetu ya 3D, tukafunga kamera ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na mota tatu ndogo. Tunataka ipite yenyewe juu ya slaidi ya malaria na kupiga picha 100. Shida ni tatu. Nikiisogeza kulia kisha nikairudisha, chembe niliyoiacha katikati siikuti pale. Fokasi inajitafuta vizuri kwenye slaidi moja, kwenye nyingine inaganda kwenye ukungu mtupu. Na picha zina wekundu pembeni. Mwenzangu anasema mota zetu ni za kuchezea watoto, tununue zile kubwa za printa. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mota msinunue. Hizo 28BYJ-48 ni ndogo lakini zina gia tumboni, na zikiunganishwa na gia mlizochapisha pamoja na skrubu, hatua moja ya juu na chini ni takriban nanomita 50. Lenzi ya kukuza mara 100 hupoteza fokasi ikisogea mikroni moja tu, na mikroni moja, yaani nanomita 1,000, ni hatua kama 20 za mota hiyo. Usahihi mnao wa kutosha. Mota kubwa mtakayoifunga juu ya gia zile zile itawarudishia ugonjwa ule ule, na uzito juu yake.

Ugonjwa wenyewe mafundi wa magari wanaujua: stelingi ina pleyi. Ukigeuza mota upande wa pili, meno ya gia husafiri kwanza kwenye nafasi iliyo kati yao, na nati husafiri kwenye uzi wa skrubu, kabla jukwaa halijatikisika. Programu imehesabu hatua, slaidi haijaenda popote. Mota hizi hazina kihisi cha kuiambia programu iko wapi hasa, inahesabu tu na kuamini.

Kwanza pimeni. Wekeni chembe moja katikati ya picha, nendeni hatua 1,000 kulia, rudini hatua 1,000 kushoto. Endeleeni kushoto kidogo kidogo hadi chembe irudi katikati. Hatua mlizoongeza ndizo pleyi yenu. Rudieni mara tano. Namba zikikaribiana, tiba ni ya programu: iambieni kila safari ifike kutoka upande mmoja, yaani ikitaka kurudi kushoto, ipitilize kuliko pleyi yenu kisha ije mbele. Na katika kupita slaidi msiende kama ng'ombe wa plau, anayelima mstari akienda na mwingine akirudi. Kila mstari uanzie kushoto. Mtapoteza dakika, lakini picha zitaungana.

Namba zikirukaruka, fungueni mashine mtazame oringi, zile pete za mpira. Hapa ninasema kwa uchungu wangu mwenyewe. Oringi za viton, mpira mgumu kuchakaa, zilipoadimika, nilikata vipande vya tyubu ya baiskeli nikavifunga. Siku za kwanza mashine ilikwenda vizuri sana, nikawaita wenzangu waione. Wiki ya tatu mpira ulikuwa umelegea, mhimili mmoja unakwenda na haurudi, na mimi nilishapoteza siku mbili nikichokonoa programu isiyo na kosa. Kwenye hadubini hii hakuna reli wala beringi. Jukwaa limesimama juu ya miguu myembamba ya plastiki inayopinda, na oringi ndizo zinazoivuta irudi. Zikilegea, skrubu inasukuma tu. Wekeni viton, tone la mafuta kwenye kila skrubu, na msiiache mashine juani, plastiki ya PLA mliyochapishia hulainika kwenye nyuzi 60 hivi.

Fokasi sasa. Programu haijui kimelea ni nini. Inapandisha na kushusha lenzi huku ikipima ukubwa wa kila picha ya JPEG inayopita. Picha kali ina mambo mengi, haibanwi sana, faili linakuwa kubwa. Picha ya ukungu hubanwa ikawa ndogo. Basi inarudi pale faili lilipokuwa kubwa kuliko yote. Mimi naipenda sana akili hii, maana haihitaji kifaa hata kimoja cha ziada. Lakini mkiiweka mahali pasipo chembe, itashika vumbi la juu ya slaidi au haitashika kitu. Nina hakika slaidi zinazowasumbua ni zile za tone lililosambaa vibaya, au zenye mabaki ya rangi ya Giemsa. Tafuteni fokasi ya kwanza kwa mkono penye chembe nyeupe za damu nyingi, kisha mwiachie itafute yenyewe ndani ya masafa mafupi. Na itafute upya kila mahali inapopiga picha, kwa sababu miguu ikipinda kwenda pembeni, jukwaa hushuka kidogo pia.

Wekundu wa pembeni si uchafu. Kamera ile ilitengenezwa kwa lenzi yake ndogo iliyo karibu sana, na juu ya kila nukta ya kupokea picha kuna kilenzi kilichoelekezwa kupokea mwanga ulioinama. Nyinyi mmeing'oa lenzi hiyo, mwanga unaingia karibu wima, rangi za pembeni zinapotea njia. Sogezeni hadi sehemu tupu ya slaidi, rekebisheni taa, kisha fanyeni urekebishaji wa mwanga uliomo kwenye programu ya OpenFlexure. Fanyeni hivyo kila mkibadilisha lenzi au taa.

Msijione mko peke yenu. Kazi hii ilianzia Chuo Kikuu cha Cambridge kwa Richard Bowman na wenzake, ikaendelea Bath, na Taasisi ya Afya Ifakara na Bongo Tech & Research Labs ya Dar es Salaam wamekuwamo. Michoro yote iko wazi.

Mkishapata ile namba ya pleyi, niandikie, na unitajie ni mhimili upi.