Michezo ya ndani kwa watoto waliopishana umri

Dada, nimekuelewa: wa miaka 3, 7 na 11 wako ndani kwa sababu ya mvua, na kila mchezo unaishia kwa kilio. Kwangu kilichosaidia ni kuwaweka timu moja. Mkubwa afiche vitu 10 na kuchora ramani, wa kati aisome, mdogo aokote. Kila mmoja ana kazi yake, hakuna wa kushindwa. Kujificha na kutafutana pia kunafaa, mdogo akijificha pamoja na mkubwa.

Gololi, shanga na betri ndogo ziwe mbali na mdogo, zinaweza kumkwama kooni. Akimeza betri, mkimbize hospitali papo hapo, usisubiri dalili. Na mkubwa akichoka, mwache apumzike.