Mkisoma historia ya polisi, anzeni na mshahara

Wadogo zangu mnaoanza somo hili, wengi wenu huja darasani mkisaka majina ya wala rushwa. Hayo mtayapata tu. Ulizeni kwanza: mlinzi wa sheria alilipwa na nani, na kwa kazi ipi hasa?

Chukueni London ya miaka ya 1720. Polisi wa mshahara hawakuwapo. Konstebo alikuwa raia aliyeangukiwa na zamu ya mwaka mmoja bila malipo, na mwenye uwezo alimlipa mwingine amshikie. Serikali ikaliziba pengo hilo kwa zawadi: sheria ya 1692 iliahidi pauni 40 kwa atakayemkamata mnyang'anyi wa barabarani, mradi mahakama imtie hatiani. Kibarua hakuzipata kwa mwaka mzima.

Jonathan Wild aliiona nafasi. Wezi walimfanyia kazi, naye aliyeibiwa akimwendea, alimrudishia mali yake kwa ada, na watu wakamshukuru! Mwizi aliyemkaidi alipelekwa kunyongwa, Wild akachukua pauni zake 40. Alijiita mkuu wa wakamata wezi wa Uingereza na Ireland. Bunge lilipitisha sheria ya kumbana mwaka 1718, lakini aliendelea hadi alipotiwa hatiani kwa kupokea gini 10, sarafu za dhahabu za wakati huo, za kurudisha lesi iliyoibwa dukani. Alinyongwa Tyburn, mahali pa kunyongea wahalifu London, tarehe 24 Mei 1725.

Wanafunzi wengi huishia hapo: mwovu kafa, kesi imekwisha. Zawadi je? Ilibaki palepale. Mwaka 1754 likafichuka genge la Stephen MacDaniel, lililowashawishi vijana wafanye unyang'anyi wa kupangwa, kisha likawashtaki ili lipate malipo. Mimi naliona genge hili baya kuliko Wild, ingawa Wild ndiye anayejulikana zaidi.

Mshahara wa kudumu ulikuja na polisi wa London walioundwa na waziri Robert Peel mwaka 1829. Ulisaidia, ila msiutukuze mno. Mwaka 1877 wapelelezi wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi hao, akina Meiklejohn, Druscovich na Palmer, walifungwa kwa kuwatonya matapeli wa kamari ya farasi waliokuwa wakiwahonga. New York nako, cheo chenyewe kilikuwa bidhaa: mbele ya kamati ya Lexow, iliyochunguza rushwa ya polisi wa jiji hilo, mwaka 1894, kapteni Creeden alikiri kwamba ukapteni ulimgharimu dola 15,000. Fedha kama hizo mtu huzirudisha kwa kuwatoza wenye baa na madanguro wa eneo lake.

Kumbukumbu za Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, kuanzia 1674 hadi 1913, zinasomeka bure mtandaoni. Mkizifungua, msikimbilie hukumu. Someni mashahidi, na jina moja likijirudia katika kesi za pauni 40, liandikeni pembeni, kisha tafuteni kesi zake nyingine.