Yai la mtoto litoke kwanza

Nesi aliponiuliza kama nyumbani tunafuga kuku, nilijibu kwa fahari kwamba tunao, wanafika 20. Mwanangu wa pili alikuwa na miezi 11, na mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki ulikuwa umeshuka kutoka kijani kuingia kijivu. Nesi akauliza tena, kwa upole: "Mama, mara ya mwisho huyu mtoto amekula yai lini?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuwahi kula. Mayai yetu mengine yalikuwa ya kutotolesha na mengine ya mnadani. Kuku alichinjwa akija mgeni, na hata siku hiyo mtoto aliambulia mchuzi na kipande cha shingo. Kuku 20 walikuwa wanazunguka uani kwangu, na mwanangu alikuwa anakula uji mweupe asubuhi, ugali na mlenda mchana, ugali na mlenda jioni.

Ni miaka saba sasa tangu siku ile. Nawaandikia akina mama wenzangu wa Singida, Dodoma na kokote ambako kuku wapo lakini mayai hayafiki kwenye sahani ya mtoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Udumavu ni mgumu kuutambua kwa macho, maana mtoto mfupi akicheza katikati ya wafupi wenzake anaonekana sawa tu. Ndiyo sababu kipimo cha urefu kliniki kina maana kama kile cha uzito, na ukiona hawajampima urefu, omba wampime.

Nilianza kwa kupiga hesabu ambayo sikuwahi kuipiga. Mtetea wa kienyeji anayejitafutia hutaga mayai 10 hadi 15, anaatamia siku 21, kisha analea vifaranga miezi miwili mitatu ndipo arudi kutaga. Kwa mwaka anazunguka hivyo mara 3 hivi, kwa hiyo ukipata mayai 40 kwa mtetea mmoja shukuru. Mtoto akila yai siku moja na kuruka siku moja, kwa mwaka anahitaji mayai zaidi ya 180. Mimi nilikuwa na mitetea 5 inayotaga. Kwa hesabu hiyo napata mayai 200, lakini nikiacha wote waatamie kila wanapotaka, hakuna hata moja la kuliwa.

Basi nikabadilisha mtindo. Mitetea ikianza kutaga kwa wakati mmoja, naokota mayai kila jioni na kuacha moja kwenye kiota ili kuku asikihame. Kila yai naliandika tarehe kwa mkaa. Yale ya kutotolesha nayatunza mahali penye ubaridi, ncha iliyochongoka ikitazama chini, wala siyaachi yapite siku 10. Mtetea mmoja au wawili wenye sifa ya kulea vizuri ndio nawaruhusu kuatamia. Wengine wakianza kulalia kiota nawatia kwenye tenga lililoinuliwa, upepo upite chini ya tumbo, maji na chakula vikiwemo, siku 3 au 4. Hamu ya kuatamia inaisha, na baada ya wiki mbili hivi wanarudi kutaga. Hapo ndipo mayai ya mtoto yanapopatikana, bila kuongeza hata kuku mmoja.

Vifaranga nao nisiposema nitakuwa nimewadanganya. Zamani mtetea wangu alitotoa 12, mwezi ukiisha wamebaki 4, wengine kwa mwewe, wengine kwa kicheche, wengine baridi. Sasa wiki za mwanzo wanakaa ndani ya tenga kubwa na mama yao, na chakula chao ni pumba za mahindi, mashudu ya alizeti ambayo huku kwetu hayakosekani, dagaa wa kusaga kidogo nikipata, na mchwa. Mchwa ni wa bure: jioni jaza chungu kikuukuu mabua na samadi kavu iliyoloweshwa, kifudikize juu ya tundu la mchwa, asubuhi mapema kabla ya jua kuwaka kifunue uwakung'utie vifaranga.

Lakini yote haya ni kazi bure bila chanjo. Mwaka wa pili nilikuwa na kuku 31. Mtaalamu wa mifugo alipita kuchanja, shilingi 100 kwa kila kuku, nami nikaona kuku wangu wana afya, hela nikanunulia sukari. Mwezi wa tisa, joto limeanza, asubuhi moja nikakuta jogoo amesimama pembeni mabawa yameshuka. Kinyesi chake kilikuwa cha kijani. Kesho yake mtetea mmoja alikuwa anazunguka palepale, shingo imepinda hadi kichwa kinatazama mgongo. Ndani ya siku nane nilizika kuku 27. Mtoto alikaa karibu mwaka mzima bila mayai ya nyumbani, maana waliobaki ilibidi nianze nao upya.

Ule ni kideri, wengine mnauita mdondo. Hauna dawa, una kinga tu. Chanjo ya I-2 inatengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, inavumilia joto kuliko chanjo nyingine za ugonjwa huo, na inatolewa tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi 3. Wanachanjwa kuku wasio wagonjwa, vifaranga wakiwemo. Aliyekwisha kuugua usimpe ukitegemea atapona. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, kwa hiyo mitaa yetu miwili tumejiunga: siku ya chanjo tunafungia kuku tangu usiku, alfajiri tunapita nyumba kwa nyumba. Ukichanja peke yako na jirani hajachanja, kuku wako watakuwa salama kiasi, ila ugonjwa utaendelea kuzunguka mtaani ukisubiri vifaranga wapya. Msikose kuchanja kabla kiangazi hakijakolea.

Jambo la kinyesi nalo linaniuma zaidi ya yote, kwa sababu nilikuwa nafanya kosa bila kujua. Tulikuwa tunalala na kuku chumba kimoja kwa kuogopa wezi. Siku moja nilimkuta mwanangu, anatambaa, amekaa kivulini karibu na ghala. Kiganja chake kilikuwa kimepakaa kinyesi kibichi, na vidole viwili viko mdomoni. Alikuwa anaharisha mara kwa mara na mimi nasema ni meno. Tumbo linalopigwa na uchafu kila siku halifyonzi chakula sawasawa, hata umpe mayai mangapi. Mume wangu akajenga banda la miti na udongo, sakafu imeinuliwa karibu nusu mita, kinyesi kinadondoka chini na kufagiliwa. Kwa ajili ya wezi tuliweka mlango wa bati na kufuli. Mtoto anayetambaa akawa na jamvi lake, na upande huo wa ua tukauzungushia mabua ili kuku wasipite. Mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha, kila mara. Kinyesi chenyewe kikishaoza vizuri kinakwenda kwenye bustani ya mchicha na maboga.

Sasa kulisha kwenyewe. Miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama tu. Wanangu waliofuata walipofikisha miezi 6 nilianza na kijiko cha yai lililochemshwa mpaka likakauka ndani, nikaliponda na maziwa yangu kidogo, siku zilizofuata nikaongeza mpaka likawa yai zima. Njia nyingine ambayo watoto wangu waliipenda ni kupiga yai kwenye kibakuli, kulimimina kwenye uji wa ulezi unaochemka huku unakoroga, kisha kuuacha uendelee kuchemka dakika kadhaa. Yai bichi au la kimiminika usimpe mtoto, wala usile ukiwa mjamzito. Na kuku akichinjwa, maini yapewe mtoto na mama mjamzito. Yana madini ya chuma mengi kuliko yai, na hawa ndio wanaopungukiwa damu.

Nisiwape matumaini ya uongo. Huko Ecuador, Amerika Kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa watoto wa kuanzia miezi 6 hadi 9 yai moja kila siku kwa miezi 6, na udumavu ukapungua karibu nusu. Utafiti kama huo ukafanyika Mangochi, Malawi, na huko urefu wa watoto haukuongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Watoto wa Mangochi tayari walikuwa wanakula samaki wa ziwani. Mimi naona jambo hili hivi: yai linasaidia zaidi pale ambapo sahani haina kitu kingine cha wanyama, na sahani nyingi za huku kwetu ziko hivyo. Bado mtoto anahitaji maharage, mboga za majani, matunda na mafuta kidogo.

Kikwazo kikubwa hakikuwa banda wala mwewe. Mama mkwe alikataa. Alisema mtoto akila mayai atachelewa kuongea, na mjamzito akila mtoto anazaliwa bila nywele. Sikubishana naye, ni mama yangu na amelea watoto tisa. Nilimwomba anisindikize kliniki, akaketi na nesi, akauliza maswali yake yote mwenyewe. Mwezi uliofuata mstari wa kadi ulipoanza kupanda, nilimwonyesha kadi. Leo yeye ndiye anayemponda yai mjukuu wa mwisho, na akisikia jirani anarudia maneno yale ya nywele, anamjibu kabla yangu.

Baba watoto alikuwa na hoja nyingine. Kuku walipoongezeka, wachuuzi wa pikipiki wenye matenga walianza kuja mpaka mlangoni, na mayai yakawa hela ya haraka. Sikumlaumu, ada ya shule nayo ni ya watoto. Tukakubaliana tukiwa wawili, jioni, bila mtu wa tatu: kuna kapu dogo jikoni, kila Jumapili linaingia mayai 8, manne ya mtoto na manne yangu ninapokuwa mjamzito au nanyonyesha. Kapu likishajaa ndipo yanayobaki yanahesabiwa kwenye trei ya kuuza. Mchuuzi akija wiki ambayo mayai ni machache, anaambiwa arudi wiki ijayo.