Usiseme "yes" kabla hujaelewa umeulizwa nini

Juzi usiku mama mmoja kanitumia voisi WhatsApp, ana wiki tatu tu hapa Marekani toka watoke kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kuna kijana kamletea karatasi mlangoni, anauliza asaini ama aache? Nikamwambia mama yangu usisaini kitu, nipigie picha kwanza.

Mimi nilifika 2015. Nikaenda kutafuta leseni ya udereva, Kiingereza sina, dada wa dirishani anauliza haraka haraka na mimi ni yes, yes, yes. Kambini tulizoea hivyo, ukimkubalia mtu wa mezani foleni inasogea na mgao wako unaupata. Kumbe swali moja lilikuwa kama mimi ni raia, na lingine kama nataka kujiandikisha kupiga kura. Kadi ya mpiga kura ikaja kwa posta, nikaibandika kwenye friji, nikaipiga picha nikamtumia kaka kule Kigoma, nikijua sasa nimepokelewa.

Miaka mitano ikatimia, nikaanza kujaza fomu N-400 ya kuomba uraia, na humo unaulizwa kama umewahi kujiandikisha kupiga kura au kusema wewe ni raia. Mwanasheria aliponieleza kwamba watu wasio raia wanafukuzwa nchini kwa hilo nilikaa chini sakafuni. Sijawahi kupiga kura hata siku moja! Barua, ushahidi, usiku silali, mpaka 2022 ndo nikaapa kiapo cha uraia. Na bado inaniuma, maana kabla ya safari tulifundishwa jiko la umeme na kupiga namba ya dharura 911, hili hakuna aliyelisema.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaofika sasa, ombeni mkalimani. Sema unataka wa Kiswahili cha Kongo, mara nyingi watampata kwa simu, na usimbebeshe mtoto wako wa darasa la nne kazi hiyo. Usipoelewa, nyamaza, omba mkalimani tena. Ukihama wape uhamiaji taarifa ya anwani mpya ndani ya siku 10, fomu AR-11. Ukitimiza mwaka omba grinkadi, kile kibali cha kuishi hapa moja kwa moja, mkimbizi halipii fomu yake, anayekudai hela ya serikali mkimbie. Msione aibu kuuliza, aibu ndo iliyonifikisha pale.

Yule mama picha katuma asubuhi, ni mkataba wa intaneti wa miaka miwili. Hajasaini.