Kabla ya Kununua Kabati la Kioo, Muulize Aliyekuna Nazi

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba familia yake imempa chumba katika nyumba ya mawe ya Lamu ili aonyeshe vyombo vya marehemu bibi yake, naye akataka kujua anunue makabati ya kioo ya ukubwa gani. Swali hilo lilinichoma, kwa kuwa ndilo nililoanza nalo mimi, na lilinigharimu onyesho zima.

Onyesho langu la kwanza nililipanga kwa malighafi: shaba na shaba, mbao na mbao, ukindu na ukindu. Kwenye karatasi lilipendeza. Nilisahau kwamba vyumba vya nyumba zile ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake hufuata urefu wa boriti za mkoko zinazobeba dari, hivyo kabati langu la katikati likawalazimu wageni kupita kiubavu-ubavu kama kaa. Mbuzi ya kukunia nazi niliipandisha juu ya meza nyeupe, usawa wa kifua, na kifumbu nikakitundika ukutani kwa kuwa nilipenda msuko wake. Siku ya pili akaingia bibi mmoja wa mtaa wa jirani, na mjukuu wake akamsomea maelezo niliyoyabandika chini ya kifumbu: "Kikapu kidogo." Bibi alicheka hadi akashika ukuta. "Mwanangu," akaniambia, "hicho ni cha kukamulia tui. Na hiyo mbuzi, nani ataikalia huko juu?"

Kosa lililoniuma zaidi ni la sinia. Familia moja iliniazima sinia la shaba lililokuwa limeingia weusi, nami nikalisugua kwa ndimu na majivu kama tulivyozoea nyumbani, mpaka likang'aa. Nilipolielekeza kwenye mwanga niliona kwamba jina lililochongwa ukingoni, ambalo lilikuwa limefifia lakini siku ya kulipokea nililipapasa kwa kidole, sasa halisomeki. Mwenyewe hakunigombeza. Alilifunga sinia lake kwenye kanga akaondoka nalo, na hadi leo tukikutana barazani salamu zake ni fupi. Shaba ya zamani ipanguse kwa kitambaa laini kikavu, basi.

Mara ya pili nilianza na yule bibi. Nilimketisha yeye na wenzake wawili mkekani kabla sijachora mstari wowote, nikawaomba wanionyeshe jinsi wali wa nazi ulivyopikwa nyumbani kwao. Pembe moja ya chumba ikawa hiyo kazi: mbuzi chini sakafuni, kifumbu ndani ya bakuli, chungu kwenye mafiga, upawa, na kawa la kufunikia chakula. Vyombo vya Kichina vikarudi kwenye vidaka, vile vishubaka vya ukutani, au zidaka kama wasemavyo Waamu, mahali vilikozoea kukaa. Mikeka ya rangi tuliiweka mbali na dirisha, kwenye mwanga hafifu usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), kwa maana rangi ikishapauka hairudi. Nasema bila haya kwamba watu walipanga foleni, na kwamba waliokuwa wameniona sifai waliomba picha za mpangilio ule.

Ninyi nyote mnaokabidhiwa vyombo vya wazee, acheni kuvipanga kama bidhaa za dukani. Muulizeni aliyevitumia kabla ya kupima ukuta, muulizeni tena kabla ya kuandika maelezo, na maelezo yakishaandikwa, msomeeni. Sisi tuliosomea kazi hii tuna kiburi cha kudhani macho yetu yanatosha, nami nilikuwa mbele ya wote.

Kwa msomaji wangu: kabati moja dogo litakutosha, la mrashi wa fedha, kile chombo cha kunyunyizia marashi, na vitu vinavyoingia mfukoni kwa urahisi. Fedha itakayobaki nunua mbuzi mpya ya kukaliwa na wageni, ili ile ya bibi yako, ambayo kibao chake bila shaka kimelainika kwa miaka ya kukaliwa, isiguswe. Sisi tulifanya hivyo. Siku ya ufunguzi yule bibi aliikalia mbuzi yetu ya dukani, akakuna nusu nazi mbele ya wageni waalikwa, kisha akanigeukia kulalamika kwamba meno yake ni butu.