Mlio wa Rilei Si Ushahidi

Swali: Feni ya rejeta haizunguki, lakini rilei yake (swichi inayoendeshwa na umeme) inalia "tik" nikiwasha. Fundi amesema rilei ni nzima. Ninunue feni mpya?

Jibu: Usinunue kitu kwanza. Mlio huo unathibitisha tu kwamba koili, yaani waya uliosokotwa unaogeuka sumaku, iliyo kati ya pini 85 na 86 (namba zilizoandikwa kwenye rilei), imepata umeme na kuvuta ulimi wa swichi. Hauelezi lolote kuhusu migusano iliyo kati ya 30 na 87, ambako ndiko umeme wa feni unakopita. Fungua rilei iliyotumika miaka mingi, nawe utaikuta migusano yake imeungua na kutoboka vishimo kama jino bovu. Hakikisha pini 30 ina volti 12, kisha, rilei ikiwa imevuta na feni ikiwa imeunganishwa, weka ncha moja ya mita ya kupimia volti kwenye 30 na nyingine kwenye 87. Ukisoma volti 12 zote, rilei imekufa. Ukisoma karibu na sifuri, hamia kwenye feni na waya wake wa hasi, hasa pale ulipofungwa kwenye bodi ya gari, kwa maana kutu ya hapo imewanunulisha watu feni nyingi bila sababu. Wala usipime soketi ya feni ikiwa imechomolewa: mita haili umeme wa maana, hivyo waya uliobakiwa na uzi mmoja bado utakuonyesha volti 12, ingawa hauwezi kuzungusha feni.

Swali: Fyuzi ya ampea 15 inakatika kila siku. Nikiweka ya 30 itavumilia?

Jibu: Itavumilia, na waya ndio utakaoungua. Nimechoka na swali hili, tafuteni shoti.

Swali: Rilei ya volti 12 inafaa kwenye lori la volti 24?

Jibu: Hapana. Koili italazimika kubeba nguvu mara nne ya iliyokusudiwa.

Swali: Nimeweka balbu za LED kwenye indiketa, sasa zinapepesa mbio.

Jibu: Flasha ya zamani, yaani kifaa kinachopepesa indiketa, ilizoea balbu za wati 21, ikikuta mzigo mdogo, hudhani balbu imeungua na kukuonya kwa kupepesa mbio. Nunua flasha ya LED yenye pini zinazolingana na za kwako. Wauza vipuri watakushawishi ufunge rezista ya kuongeza mzigo, lakini hiyo hupata joto la kuyeyusha plastiki, na mara nyingi huwa imefungwa kwa gundi nyuma ya taa ya plastiki.